Mashine ya Mkono ya Kuzungusha Damu

Siku yangu ya kwanza maabara sikupewa mashine. Nilipewa ndoo, brashi nyembamba na rundo la tyubu za kioo zilizokaukiwa na damu. Nikaambiwa nizioshe mpaka nikiinua moja dirishani nione nje bila doa. Nilikuwa mhudumu tu, mtoto wa Usevya mwenye elimu ya darasa la saba, na nilidhani kazi ya maabara ni ya watu wenye miwani.

Naandika haya kwa ajili ya nyie vijana mliobaki pale hospitali ya Mpanda. Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikasema asante, nikakaa. Mke wangu alikuwa amefariki muda si mrefu, na mtu akiwa katika hali hiyo maneno ya mbele za watu hayatoki. Kwenye karatasi yanatoka, mradi usimharakishe. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Nitasema habari za mashine, na habari za siku moja nilipoachishwa mashine hiyo.

Aliyenipa ndoo alikuwa Mzee Shabani, fundi wa maabara. Alizaliwa mtaa wa Majengo mjini, katika nyumba ya wafanyabiashara wa vitenge na sukari. Ndugu zake walibaki dukani, yeye akaenda kusomea damu. Alikuwa mfupi, mwenye kofia safi siku zote, na aliongea kwa upole hata alipokuwa anakusema vibaya. Wiki nzima ya kwanza aliinua tyubu zangu dirishani moja moja. Nyingi alinirudishia.

"Krispini," aliniambia, "hii umeosha kwa nje."

"Na ndani pia, Mzee."

"Ndani umeitakia heri tu."

Baadaye nilielewa sababu. Damu ya jana ikibaki kwenye kioo, hata kidogo, inaweza kuharibu majibu ya mgonjwa wa leo. Siku hizi mna tyubu za plastiki, mnatumia na kutupa, na nafurahi kwa ajili yenu. Mikono yangu ilichubuka kwa dawa ya klorini mpaka nikaacha kula pilipili kwa mkono.

Nilipomaliza shule ya ndoo nikaonyeshwa mashine ya mkono. Wengi wenu hamjaiona, kwa hiyo naieleza. Ilifungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, kama ile mashine ya kusagia nyama. Juu ilikuwa na mikono minne ya chuma, na kila mkono ulibeba kikombe kirefu cha kutia tyubu. Ubavuni ilikuwa na mpini. Ukizungusha mpini polepole, meno ya ndani yanaizungusha ile mikono kwa kasi kubwa, vikombe vinanyanyuka na kulala, na damu iliyomo inajitenga. Chembe nyekundu zinatua chini, maji ya manjano yanabaki juu. Ni kazi ile ile inayofanywa na sentrifuji yenu ya umeme, ila hapa umeme ni wewe.

Sheria za Mzee Shabani zilikuwa chache. Kila tyubu iwe na mwenzake upande wa pili, na wawe wamelingana kwa uzito. Kulingana kwa macho hakutoshi, kwa sababu damu na maji vikiwa kimo kimoja havilingani uzito. Ukikosa tyubu ya pili, jaza nyingine maji na uipime kwenye mizani. Mashine ikilia vibaya, acha, usiibembeleze. Ikimaliza, usiikamate kwa kiganja, iache itulie yenyewe, maana ukiisimamisha ghafla vile ulivyovitenganisha vinachanganyika tena, na umefanya kazi bure. Hii ya kiganja ndiyo niliyoona watu wengi wanaivunja, hata wenye vyeti vikubwa, hata mimi nikiwa na njaa.

Jambo gumu lilikuwa mwendo. Mpini unataka mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee Shabani alikuwa akimtaja Mungu kimoyomoyo, midomo ikicheza kidogo, na mpini ukimfuata. Mimi nilijaribu kuhesabu, nikawa nahesabu haraka kuliko mkono. Akaniuliza, "Kwenu Usevya mnakula nini?"

"Wali, Mzee. Na ugali."

"Mpunga anautwanga nani?"

"Kina mama."

"Umewahi kuona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja na michi ikagongana?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Basi zungusha kama wao."

Nikashika wimbo wa kutwangia wa shangazi yangu, nikauimba ndani ya kichwa, na mkono ukakaa sawa. Tangu hapo sikuhitaji saa ya ukutani, ambayo hata hivyo ilikuwa imesimama.

Wagonjwa nao walitufundisha. Wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao walikuwa hawaogopi sindano hata kidogo, ila mashine hawakuiamini. Namkumbuka mzee mmoja, Masanja, aliyemleta mwanawe mwenye homa. Alisimama mlangoni na fimbo yake akatazama damu ya kijana inavyozunguka.

"Mnaizungusha ili iweje?" akauliza.

"Ili tuone kilichomo," nikamjibu.

"Na ikishazunguka hivyo, itakumbuka njia ya kurudi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtulize kwa maneno yoyote. Mzee Shabani akaniwahi. "Hairudi, mzee mwenzangu. Hiyo tunaimwaga baada ya kupima."

Masanja akaegemeza fimbo yake ukutani. "Basi semeni hivyo tangu mwanzo," akasema. "Ng'ombe wangu nikimtoa damu, simdanganyi." Akaketi, akasubiri majibu bila tabu. Tangu siku ile kila mgonjwa aliyeniuliza damu yake inakwenda wapi nilimwambia ukweli, na sikumbuki aliyekimbia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mke wangu Leokadia alikuwa na ujauzito wa mtoto wetu wa kwanza. Mama yake alikuja kutoka Usevya kumsubiri mjukuu. Wengine mmetoka makabila mengine, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawaangaliani usoni, hawapeani kitu mkononi. Ni heshima, wala si ugomvi. Mama mkwe akiwa sebuleni, mimi nilikula uani. Nikitaka kupita, nilikohoa kwanza, naye akageukia ukuta na kujifunika kanga. Tuliishi hivyo kwa amani kabisa. Nilimjua kwa sauti yake kuliko kwa sura.

Leokadia alijifungua asubuhi, mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Ndiye Tekla. Nikaenda kumwona, nikarudi maabara nikiwa nimenenepa kwa furaha. Haikupita muda muuguzi akaja mbio akasema damu haikatiki. Mama anavuja, anahitaji kuongezewa damu sasa hivi, na kwenye friji hakuna ya kundi lake.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Jenereta ndogo ya hospitali ilitosha taa za chumba cha upasuaji tu. Sentrifuji ya umeme, ambayo wakati huo tulikuwa tumeshaipata, ilikuwa imekaa kimya mezani kama sufuria.

Aliyekuwepo kutoa damu alikuwa shemeji yangu Gervasi, kaka wa Leokadia, mkulima wa Kabungu. Alikuwa amekuja na baiskeli kumwona mpwa wake, bado amevaa mabuti ya shambani. Kundi lake lilikuwa moja na la dada yake. Mzee Shabani akampima yale mengine yote yanayopaswa kupimwa, akamkuta salama. Lilibaki jambo moja: kuona kama damu ya Gervasi inakubaliana na ya dada yake. Damu za kundi moja si lazima zikubaliane, na damu isiyokubalika ikiingia mwilini inaua mgonjwa aliyekuwa anaokolewa.

Kipimo kilikuwa hivi. Unazungusha damu ya mgonjwa upate yale maji ya juu. Unayachanganya na chembe za mchangiaji kwenye tyubu ndogo. Unazungusha tena, kwa muda mfupi na kwa kiasi. Kisha unagonga tyubu kwa kidole, polepole, ukitazama dirishani. Chembe zikiinuka kama vumbi jembamba, damu zimekubaliana. Zikiinuka kwa mabonge, zimekataana.

Kwa kawaida mtu hapimi damu ya mkewe. Lakini Mzee Shabani alikuwa ameanguka na baiskeli, bega lake la kulia limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa na macho na akili, mkono hana. Wenzetu wengine walikuwa wameitwa wodini na kwenye upasuaji. Nikashika mpini.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili, nikamsikia nyuma yangu.

"Unakimbia."

"Sikimbii, Mzee."

"Masikio yangu hayakuanguka na baiskeli. Unataka damu ifike chini ya tyubu au ifike Karema kule ziwani?"

Nikajaribu kuushika wimbo wa shangazi. Haukuja. Kilichokuja kichwani ni shuka yenye damu niliyoiona inatolewa wodini kwenye ndoo. Nikaacha mpini, mashine ikatulia, akachukua tyubu kwa mkono wa kushoto, akaigonga mbele ya dirisha. Mabonge. Niliyaona kwa macho yangu, mekundu, yanaelea.

"Imekataa," nikasema.

"Imekataa, au umeikandamiza?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukizungusha kupita kiasi, chembe zinabanana chini kama udongo wa kufinyangia, na ukizigonga zinatoka vipande vipande hata kama hazina ugomvi wowote. Kwa macho huwezi kujua. Ungeweza kumnyima mama damu nzuri kwa sababu ya mkono wenye hofu. Na ungeweza pia kujidanganya kwamba ni mkono tu, ukampa damu ya kumuua. Njia ni moja, kurudia, kwa mkono uliotulia.

"Toka kwenye mpini," akasema.

"Nani atazungusha?"

"Pale barazani amekaa nani?"

Nikatazama dirishani ingawa nilijua. "Mzee, yule ni mama mkwe wangu."

"Sikuuliza undugu. Anajua kutwanga mpunga?"

Akaenda mlangoni mwenyewe. Nilisikia anaongea kwa ile sauti yake ya kuuza kitenge, ya nyumbani kwao Majengo.

"Mama, karibu ndani utusaidie kazi kidogo. Ni ya mwanao."

"Mkwe wangu yumo humo," mama akajibu.

"Anatoka."

"Mimi mashine sizijui, baba."

"Hii ni kinu, mama. Tofauti yake mchi unazunguka."

Kisha mama akasema, "Mwambie apite, nitageuka."

Nilitoka nimeutazama ukuta wa kulia, yeye akaingia ameutazama wa kushoto, amejifunika kanga mpaka machoni. Mlango ule ni mwembamba, mnaujua. Kanga yake iligusa koti langu jeupe. Nikasimama barazani karibu na Gervasi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akikunja na kukunjua mkono kana kwamba damu yake ilikuwa inataka kutoka yenyewe.

"Mama kaingia kufanya nini?" akaniuliza.

"Anazungusha damu yako."

Gervasi akafikiri. "Na wewe unafanya nini?"

"Nimefukuzwa."

Ndani nilisikia Mzee Shabani akimwelekeza. Wapi pa kushika, upande gani wa kuzungusha, mkono mwingine uwe wapi. Alikuwa ameandaa tyubu mpya. Mama akauliza swali ambalo silisahau. "Nitwange kama wa harusi, au kama wa kila siku?"

"Wa kila siku, mama. Wageni hawajafika, usiwe na haraka."

Mashine ikaanza. Nimesikia mashine nyingi maishani na nyingi nimejua kwa sauti kwamba ni mbovu kabla sijaziona, kwa hiyo naomba mniamini. Ile ilikwenda sawa. Ilipanda taratibu, ikafika mahali pake, ikakaa hapo. Mwanawe anavuja damu jengo la pili, naye mkono wake haukupanda wala haukushuka. Niliusikia moyo wangu unatafuta ule mwendo na kuupata.

Kisha Mzee akasema, "Basi, mama, achia." Ikaanza kutulia yenyewe. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kote. Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kuingia na kuikamata kwa kiganja. Gervasi akainuka, nikamshika bega akakaa. Tukaisikiliza mpaka mwisho.

Mzee Shabani alikuja dirishani na ile tyubu, akaigonga kwa kidole nikiangalia. Chembe ziliinuka kama vumbi. Akaigonga tena, akaigeuza, akaiangalia kwa muda mrefu hata nikatamani awe mtu mzembe kidogo. Akarudia na kwa darubini. Ndipo akatoa kichwa nje.

"Gervasi, vua mabuti ulale kitandani. Damu yako imekubalika."

Daktari alifanya kazi yake vizuri kule jengo la pili, na damu ilipoanza kuingia, ya kuvuja ikawa imedhibitiwa. Sitaki mseme ni mashine iliyomwokoa, au mama, au Mzee Shabani. Kila mmoja alishika pake. Mimi pangu palikuwa nje, na nilipashika.

Leokadia alipopata nguvu ya kuongea alitaka kujua yote. Nikamwambia.

"Kwa hiyo mama yangu ndiye aliyenizungusha?"

"Damu yako. Siyo wewe."

"Ni kitu kimoja. Ndiyo maana naona dari haitulii." Akacheka mpaka muuguzi akaja kumkataza.

Kulikuwa na jambo la kurekebisha. Nilikuwa nimepishana na mama mkwe mlangoni, nguo imegusana, na kwetu hilo haliachwi hivi hivi. Alipokwisha kurudi kwao nilikwenda Usevya na jembe jipya na kuku, nikafikia kwa mjomba wa Leokadia kama inavyotakiwa, yeye akapeleka salamu zangu. Akarudi anacheka.

"Anasema hakukuona. Aliona mpini tu."

"Kwa hiyo nirudi na kuku?"

"Hapana. Anasema kuku, huyo amemwona."

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kazini, nasema bila kujisifu. Nilipelekwa kozi fupi, nikawa msaidizi wa maabara. Umeme ulitengemaa, zikaja sentrifuji zenye mfuniko unaojifunga na namba zinazowaka. Mipira ya kuweka chini ya tyubu ilipokwisha tulikata malapa yetu ya miguuni, na ilifaa, lakini msiige, agizeni mipira. Tyubu ikipasuka ndani, msifungue mfuniko hapo hapo, subirini kwanza hewa ya ndani itulie. Mashine ya mkono ilienda stoo, kisha sijui ilikokwenda, na siifuatilii. Mzee Shabani alistaafu, akarudi kukaa dukani kwa ndugu zake, ambako aliinua glasi za wateja dirishani kuona kama ni safi. Alifariki akiwa mzee, na nilimzika.

Leokadia aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akanizalia wengine, akanicheka kila alipopata nafasi. Alipougua figo, damu yake ilipimwa kwetu. Sikuingia. Nilikaa kwenye benchi lile lile la wagonjwa, na mmoja wenu, mwenyewe anajijua, alitoka akaniambia majibu yote bila kuzunguka. Nakushukuru. Mke wangu aliniuliza, nami nikamwambia kama nilivyoambiwa.

Msiba ulikuwa hapa nyumbani Mpanda. Mama mkwe aliletwa kutoka Usevya, sasa ni bibi kizee, anashikwa mkono. Wakamweka chumba cha wanawake, mimi niko cha upande wa pili, katikati yetu ukuta wa tofali. Siku ya maziko na iliyofuata chakula kililetwa kikarudi. Sikuwa nakataa. Kilikuwa hakipiti.

Jioni Tekla akaja na sahani. Ni mama mtu mzima sasa.

"Baba, Bibi amesema ule. Amesema yeye ameshakula."

"Amekula kweli?"

Tekla akatazama chini. Nimemlea kusema kweli. "Hajagusa."

"Basi kamwambie nitakula yeye akianza."

Akaenda. Nikasikia wananong'ona, kisha sauti ya mama mkwe, nyembamba lakini ile ile: "Leteni basi maji, huyu mtu atakufa na njaa." Halafu nikasikia maji yanamiminwa kwenye bakuli upande wa pili wa ukuta, na mikono inanawa bila haraka. Nikangoja mpaka ikanyamaza. Ndipo nami nikanawa.